Lau ya Dada Yangu

Tasnifu ya dada yangu, ile iliyompa shahada ya udaktari, niliigawa kwa jirani afungie bajia. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele kicheko ni haba.

Sikukusudia. Nilikuwa nasafisha chumba chake hapa kwetu Shella, Malindi, kwa kuwa alikuwa anarudi kutoka Nairobi, na safari hii hakuwa anakuja likizo. Hospitali ilikuwa imemwambia, kwa maneno ya adabu, kwamba saratani imeshika mahali pasipokatika na kwamba nyumbani ni pazuri. Basi nikafagia, nikapiga chokaa, nikaanika godoro. Uvunguni palikuwa na boksi la karatasi ambalo mchwa walikuwa wameanza kulisoma kabla yangu. Nikachungulia: herufi za Kigiriki, mabano, majedwali, na pembeni maandishi ya kalamu nyekundu. Elimu yangu mimi ni kidato cha nne, na hesabu nilianguka kwa uaminifu mkubwa. Nikajiambia haya ni makaratasi ya shule yaliyokwisha kazi. Jirani yetu, bibi anayekaanga bajia na viazi karai nje ya mlango wake, alikuwa akilalamika kwamba magazeti ya kufungia yamekuwa adimu, kila mtu anasoma kwenye simu. Nikambebea boksi zima, nikijiona mtu mwema.

"Karatasi nzuri hii," akasema akiipapasa. "Nzito. Haivuji mafuta."

Dada alifika kwa tuktuk kutoka uwanja wa ndege, amekonda mpaka buibui limembakia kama la kuazima. Kesho yake alasiri akatamani bajia. Nikamnunulia, akala moja tukiwa tumekaa barazani, kisha akasahau kula. Alikuwa anausoma mfuko. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi kuwa kama kioo, na hesabu za upande wa pili zinaonekana kinyumenyume.

"Hii ni sura ya nne," akasema.

"Sura ya nani?"

"Yangu. Na kalamu hii nyekundu ni ya mwalimu wangu, marehemu."

Nilitamani kuingia uvunguni, pale pale boksi lilipotoka. Yeye akacheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikamshikia kikombe cha maji, naye bado anacheka.

"Maisha yangu yote sijasomwa na watu wengi namna hii," akasema. "Mtaa mzima!"

"Ngoja nikimbie nikachukue zilizobaki."

"Mwache bibi wa watu afunge bajia zake. Nakala nyingine iko chuoni, haina hata alama ya kidole. Hii angalau imeshikwa."

Kazi yake ilikuwa ekonometria. Miaka mingi nilipoulizwa nilijibu, "Anapima uchumi kwa hesabu," watu wakadhani yuko benki, nami nikawaacha wadhani, maana nilikuwa nadhani vivyo hivyo. Nilijua alisoma Nairobi kwa ufadhili, akaenda ng'ambo kwenye theluji, akarudi kufundisha, akapanda mpaka akawa profesa ambaye wanafunzi wake wakimwona mlangoni huficha simu. Lakini kazi yenyewe ni nini, ilibidi augue ndipo nimwulize sawasawa.

"Tazama," akaniambia. "Barabara ya lami imepita Matsangoni. Baada ya muda wanaokaa kando yake wana mabati mapya na maduka. Ni lami iliyowainua?"

"Si ndiyo?"

"Au wenye uwezo ndio waliohamia kando ya lami?"

"Basi siyo."

"Basi ni nini?"

"Dada, mimi nimekuletea chai tu."

Akaipokea chai, lakini hakuniachia. Kujua lami imefanya nini, akasema, lazima ujue watu wale wale wangekuwaje lau lami isingepita. Na hilo huwezi kuliona, kwa kuwa lami imeshapita. Kwa hivyo unatafuta mahali pengine panapofanana na pale kwa kila kitu isipokuwa lami, unalinganisha. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana: kulitafutia kila jambo lililotokea pacha wake, jambo ambalo halikutokea. Alikuwa akija na wanafunzi wake vijiji vya Kilifi, wakiwahoji watu wale wale mwaka baada ya mwaka. Jamaa wakihama anatuma mtu awafuate walikohamia, hata iwe wapi. "Anayebaki na anayeondoka si watu wa namna moja," alisema. "Ukiwauliza waliobaki peke yao, umejidanganya."

"Na mimi niliyebaki?"

"Wewe ndiwe uongo wenyewe," akasema, akanipiga na ncha ya kanga.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alipata kuelezwa hayo hayo zamani, akiwa jikoni anakuna nazi. Alisimamisha mkono. "Yaani wamekupandisha ndege ukasomee lau? Hapa madrasa umefunzwa bure kwamba lau hufungua mlango wa shetani."

"Mama, mimi naufungua kidogo tu, nachungulia, naufunga."

"Chungulia," Mama akasema. "Usiingie."

Na kwa kweli sikumwona akiingia. Mama alipofariki, dada alikuwa mkutanoni nchi ya mbali. Sisi hatuweki maiti. Mama alifariki asubuhi, alasiri tukamzika, na dada alipofika mikeka ya matanga ilikuwa inakunjwa. Alikaa kwenye kitanda cha Mama na viatu vyake vya safari miguuni. Hakusema lau ningepigiwa simu mapema, wala lau nisingekwenda. Mtu ambaye lau ndiyo mkate wake, hakuitamka. Nikadhani mlango ule ameufunga kwa kufuli. Kumbe alikuwa ameufungua kwingine, na huko kwingine ni kwangu.

Siku moja baada ya adhuhuri, joto limetulaza sote, akaniita. Wakati huo alikuwa hainuki tena kitandani.

"Nataka kukuuliza jambo. Usinifanyie mzaha."

"Haya."

"Mimi na wewe ni watoto wa mama mmoja, nyumba moja, shule moja. Mmoja akaondoka, mmoja akabaki. Sitapata mlinganisho mwingine kama huu." Akapumzika kidogo. "Ile kazi ya Watamu uliiacha kwa sababu mimi sikuwepo. Lau nisingeondoka mimi, ungeondoka wewe. Ungekuwa na mke, na watoto wangekuwa wananiita shangazi. Niambie. Nimeyala maisha yako?"

Lazima nieleze Watamu. Nilipokuwa kijana nilipata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huko, na chumba cha wafanyakazi cha kulala. Sikumaliza juma. Mto wa kulalia ulinuka sabuni nisiyoijua, adhana ilitoka upande usio wake, na wageni waliniuliza majina ya samaki wakati mimi samaki namjua akiwa kwenye mchuzi. Nikarudi kwetu kabla nguo nilizofua huko hazijakauka, nikaingia kitandani mwangu, na Mama akaniletea uji kama mtu aliyetoka vitani. Hiyo ndiyo habari yote. Mimi ni mtu wa nyumbani kama paka. Nikifika Kilifi tu tayari nina hamu ya mlango wetu.

Lakini dada alipopiga simu kutoka huko kwenye theluji akauliza kulikoni, niliona haya kutaja mto. Nikasema, "Mama atakaa na nani, na wewe unakula baridi Ulaya?" Ulikuwa mzaha. Ukaonekana mzuri, nikauweka, nikawa nautoa kila Idi kama vikombe vya wageni. Akiingia mlangoni na begi lake nasema, "Karibu msafiri, mfungwa wako yupo." Yeye hucheka. Sikupata kutazama kicheko kile kinaenda kutua wapi.

Sasa nilikuwa nakiona kilipotua.

"Dada," nikasema, "niliikimbia ile kazi kwa sababu ya mto."

"Mto gani?"

"Wa kulalia. Ulinuka sabuni. Sikupata usingizi."

Akanitazama kwa upole ambao ningekuwa radhi anizabe kibao kuliko kuupokea. "Ahsante, mdogo wangu."

"Wallahi ni kweli! Sikutaka kwenda popote. Ungebaki wewe, tungebaki wote wawili tukigombea feni."

"Shahidi akimpenda sana mshitakiwa, ushahidi wake huwekwa kando."

"Basi mimi sikupendi."

Akacheka kidogo, akafumba macho. "Miaka yote umeniambia hivi. Leo naumwa, unaniambia vile. Ungekuwa wewe ni mimi, ungeandika lipi?"

Nilimletea kila nilichokuwa nacho. Nikamkumbusha safari ya shule niliyojifanya naharisha ili nisiende. Nikamkumbusha harusi ya binamu yetu kule Mambrui, mwendo wa pua na mdomo, niliyoikimbia kabla ya pilau kupakuliwa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunishika mkono na kuupapasa, kama mtu anayempoza mtoto. Nilimwona akiupokea ukweli wangu kama zawadi ya mtu asiyejiweza: unashukuru, unaiweka pembeni, huitumii.

Niliendelea kujaribu siku zilizofuata. Akaniomba niache. "Umenisitiri vya kutosha," akasema. Hakurudi tena kwenye habari ile. Alifariki Ijumaa asubuhi, dirisha liko wazi, mimi nikiwa nimetoka kwenda kumtengenezea maji ya moto. Naye hatukumweka; alizikwa siku ile ile. Wanawake wa mtaani wakamwosha na kumkafini, nami nilisimama uani kwenye kamba ya kuanikia. Palikuwa na karatasi moja imebanwa pale kwa kibanio, imekauka, bado na doa la mafuta. Ilikuwa sura ya nne. Aliniomba niianike siku ile ya bajia, nikaianika, nikasahau kuianua.

Wiki ile hitima ilisomwa. Watu wa chuoni walikuja kutoka Nairobi na suti zao kwenye joto letu, wakaeleza makuu aliyoyafanya, na mwanafunzi wake mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alilia mlangoni akiwa ameshika viatu mkononi. Wakaniuliza mimi, ndugu yake, niseme neno. Nikasema, "Alikuwa akitafuta kujua ingekuwaje." Wakatikisa kichwa kwa heshima, wakidhani nimemaliza.

Watu walipotawanyika nilibeba sinia za kuazima, nikaanza kuzirudisha nyumba kwa nyumba. Kwa jirani nikafika mwisho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, karai bado halijapata moto, anakunja mifuko ya karatasi kwa ajili ya jioni. Niliziona zile herufi za Kigiriki zikipinda chini ya vidole vyake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Keti."

Nikakaa kizingitini, sinia ziko magotini, nikamweleza yote: Watamu, mto, mzaha wa kila Idi, na jinsi nilivyoapa nisisadikiwe. Sijui nilitaka aniambie nini. Pengine kwamba moyoni dada alijua. Watu husema hivyo misibani, na mimi nilikuwa tayari kabisa kuamini.

Yeye akalainisha ukingo wa karatasi kwa ukucha, akauweka mfuko juu ya wenzake.

"Wewe hungekwenda popote hata ungefukuzwa na mbwa, mtaa mzima twajua," akasema. "Lakini kwa mdomo wako huo, hata mimi nisingekuamini. Haya, lete sinia zangu."