Siku ya Tatu ya Raisama

Kule Tochigi, Japani, radi haitajwi kavukavu kama mwizi wa kuku. Huitwa Raisama, Bwana Radi, maana huleta mvua ya mpunga, kisha huondoka na televisheni yako. Tsuyako Ozeki aliishi na adabu hiyo miaka sabini na miwili, na kwa arobaini kati ya hiyo radi ndiyo iliyomlisha. Mumewe, Eikichi, alikuwa fundi wa redio na televisheni. Kila Agosti watu walijipanga mlangoni wamekumbatia vitu vilivyoungua kama wamebeba wagonjwa, naye aliwapokea kwa swali lile lile.

"Ulichomoa?"

"Nilizima, fundi."

"Kuzima ni kufumba macho. Raisama anakuona tu."

Sasa fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa hachomoleki. Sigara na moshi wa kuchomelea nyaya vilikuwa vimeyamaliza mapafu yake, na tangu Machi aliishi na mrija puani, umeungwa kwenye mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya godoro lake kutwa kucha. Ngurumo ikisikika milimani, Tsuyako alizunguka nyumba akichomoa plagi: simu, televisheni, friji, na mwisho kabisa mashine, akauhamishia mrija kwenye mtungi wa oksijeni. Mtungi mmoja ulikuwa na pumzi ya saa mbili.

Mwezi wa Juni mtoto wao Kazunari alikuja kutoka Saitama na ekstensheni yenye kinga ya radi. Aliichomeka, taa ya kijani ikawaka, akajipangusa mikono kama daktari. "Haya, Mama. Kuchomoachomoa kumekwisha."

Eikichi aliigeuza. Waya mdogo wa kijani ulikuwa bado umefungwa kama ulivyotoka dukani.

"Na huu?"

"Huo wa ziada tu, Baba."

"Wa ziada." Alingoja apate pumzi ya kumalizia. "Umeweka mlinzi, hukumpa mlango wa kumtolea mwizi. Amtolee wapi, mfukoni mwangu?"

Soketi za nyumba ile kuukuu hazikuwa na waya wa ardhi, wa kuishusha radi udongoni. Basi kesho yake Eikichi aliketi barazani, mrija mrefu ukimfuata nyuma, akamwelekeza mkewe kupigilia fimbo ya shaba chini ya kichaka cha maua ya buluu, pale maji ya paa yanapodondokea na udongo haukauki.

"Inyooshe, Mama Kazu."

"Imenyooka."

"Imenyooka kama mgongo wako."

"Njoo uipige wewe, basi."

Tsuyako aliusikia mrija ukipuliza, akatamani kuyameza maneno yake, akarudi kwenye nyundo. Eikichi alipima kwa kipimo chake cha zamani, akataka fimbo ya pili. Akapima tena. Ndipo akauunga ule waya wa kijani kwenye shaba.

Hata hivyo Tsuyako aliendelea kuchomoa, wala mumewe hakumkataza.

Wazee husema Raisama akipiga hodi, hukaa siku tatu. Mwaka ule alipiga hodi katika wiki ya Obon, wafu wanaporudi nyumbani na walio hai wanapofunga ofisi. Siku ya kwanza mtungi mmoja ukaisha. Siku ya pili, mwingine. Siku ya tatu, saa nane mchana, mawingu yalisimama juu ya milima ya Nikko meusi kama sufuria, na mtungi uliobaki ulikuwa mmoja. Gari la kampuni ya mitungi lingefika kesho.

Tsuyako alichomoa vyote. Alipoishika plagi ya mashine, Eikichi akamshika kifundo cha mkono.

"Ukiumaliza mtungi sasa, umeme ukikatika baadaye nitavuta nini?"

"Na mashine ikiungua?"

"Si umeshapigilia shaba?"

"Nimepigilia mimi. Ndiyo maana naogopa."

Alicheka hadi akakohoa. "Nilipima mimi," akasema.

Tsuyako aliiachia plagi.

Wakakaa. Radi zilikaribia, zikaacha kuhesabika, kisha chumba kizima kikawa cheupe na mlio ukaja papo hapo. Mashine ilinyamaza, ikaanza kulia kuomba umeme. Tsuyako akafungua mtungi, akauhamisha mrija, akachomoa plagi. Mikono yake ilijua kazi. Moyo ndio uliokuwa umepotea.

Kwa saa moja na dakika ishirini yeye aliutazama mshale wa mtungi ukishuka, na Eikichi akamtazama yeye.

Umeme uliporudi, Tsuyako alingoja kidogo, akachomeka, akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikanguruma. Taa ya kijani ya ekstensheni ndiyo haikuwaka tena. Eikichi alihamishia plagi ya mashine kwenye soketi ya ukutani, akaomba bisibisi. Ndani ya ekstensheni palikuwa na kidude cha duara kama sarafu, kimepasuka na kuwa cheusi. Alikiweka kiganjani mwa mkewe.

"Kimekufa kazini," alisema.

Asubuhi jirani yao, Bibi Fumi, alikuja kulalamika kuwa televisheni yake imeungua. Akaona chini ya maua mwanzi mbichi umesimamishwa na kufungwa kamba ya majani ya mpunga, kama watu wanavyofanya shambani alipoanguka Raisama.

"Kwani aliangukia hapa?"

"Alipita tu," alisema Tsuyako. "Tulimwekea mlango."

Sauti nyembamba ikatoka ndani. "Muulize kama alichomoa."

"Nilizima," alisema Bibi Fumi.

Mwanzi ulikauka Novemba, mwezi ambao watu wa kampuni walikuja kuichukua mashine, godoro la Eikichi likiwa limeshakunjwa. Tsuyako aliwafungulia mlango, akawachomolea plagi mwenyewe. Mwanzi hakuung'oa.