Benchi Zima Likasema Hapana

Sitaitaja ile hospitali. Sina haja ya kugombana na waliomo sasa, ambao pengine siku zile walikuwa hata hawajazaliwa. Lakini hasira niliyotoka nayo pale sijaimaliza. Watu huniambia nimezeeka, nisamehe. Wanaoniambia hivyo hawakukaa kwenye lile benchi.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mwenyekiti, ndugu karani, ndugu muuza mkaa. Redio ilituambia asubuhi na jioni kwamba hospitali ni zetu, kwamba mama mjamzito awahi kliniki, asikae nyumbani na ujinga. Tulisikia, tukaenda. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeolewa kwenye nyumba moja ya Kariakoo, vyumba sita vinatazamana, ukumbi katikati, uani jiko na choo cha wote. Mama mkwe wangu alikaa chumba cha mbele. Chumba cha mwisho, karibu na uani, walikaa mtu na mkewe kutoka Lindi. Mume alipakua magunia sokoni, mke alikaanga mihogo barazani. Huyo mke ndiye jirani yangu ninayetaka kumsema. Naye alikuwa na mimba ya kwanza, kanitangulia kama mwezi hivi, na jioni tulikuwa tukisimama uani tunapimana matumbo na kuchekana nani anatembea kama bata.

Mimba zilipokua, mama mkwe akaanza kutuchemshia dawa. Kwa watu wetu jambo hilo halikuwa la kuficha. Mwezi wa mwisho mwanamke anakunywa maji ya mizizi kidogo kidogo ili njia ilegee, na uchungu ukishaanza anapewa kikombe kizito mambo yaende upesi. Watu wa Lindi nao walikuwa na yao. Jirani alisema ya bibi yake ni chungu zaidi. Hospitali hawakuitaka dawa hiyo, na leo najua walikuwa na sababu, kwa kuwa kweli inakamua kizazi. Hapo sibishani na mtu. Ninachobishia ni namna walivyotuuliza.

Mkunga mkuu wa pale tulimwita Sista. Alikuwa mrefu, gauni lake jeupe limepigwa pasi hata miezi ambayo sabuni mjini ilikuwa ya kupangia foleni toka alfajiri. Siku ya kliniki alisimama mbele ya benchi akatuuliza mmoja mmoja, kwa sauti ya mkutano wa hadhara, wengine wote wanasikia. Mimba ya ngapi. Damu uliona lini mara ya mwisho. Umekunywa dawa za kienyeji? Mlango uko wazi, wanaume waliofuata dawa ya malaria wanapita na vikohozi vyao vya kujifanya hawasikii. Mambo ambayo mtu humnong'oneza mumewe, sisi tulitakiwa kuyatangaza.

Siku hiyo niliulizwa, nikajibu ukweli. Wazazi wangu walinilea hivyo, ukiulizwa na mkubwa, sema. Nikasema ndiyo, Sista, mama mkwe hunichemshia.

"Simama, ndugu," akasema. "Wenzako wakuone."

Nikasimama. Akawaambia wanawake wanitazame vizuri, kwamba mimi ndiye ninayeua watoto wa taifa kwa uchawi wa mama mkwe, kwamba serikali inajenga mimi nabomoa. Akaniuliza nilisoma mpaka darasa la ngapi, na nilipojibu akacheka. Wanawake wakatazama vidole vya miguu yao. Sikupimwa siku ile. Hakuniwekea sikio tumboni kumsikiliza mtoto, wala hakunipa vidonge vya kuongeza damu. Aliniambia nirudi nyumbani, nije siku nitakapoamua kuwa binadamu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana wengi nikiwahadithia hukishikilia kile kicheko cha Sista wakaliacha hili. Nilikuwa bado naokota mfuko wangu sakafuni. Sista akamgeukia aliyekaa karibu yangu, jirani yangu, ambaye asubuhi hiyohiyo alikunywa kwenye sufuria moja na mimi.

"Na wewe je?"

"Hapana, Sista."

Akaenda kwa wa pili, hapana. Wa tatu, hapana. Benchi zima likasema hapana, mmoja baada ya mwingine, na Sista anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani ametutibu. Mwanamke msomi, mwenye cheti, hakujiuliza imekuwaje Kariakoo yote imeacha mizizi ndani ya dakika chache. Mpaka leo nikikumbuka kile kichwa kinavyotikisika, damu inanichemka.

Wiki chache baadaye uchungu wa jirani ukaanza alfajiri. Ukaja, ukalegea, ukaja tena. Mama mkwe akampa kikombe kizito, na jua lilipopanda akampa cha pili. Mchana ulipofika hapakuwa na la maana, mumewe akaitwa sokoni, akaja na vumbi la unga mabegani, tukamtia kwenye teksi. Mimi nilikwenda naye na tumbo langu hivyo hivyo, maana hakuwa na dada hapa mjini.

Mlangoni pa wodi ya wazazi tukamkuta Sista. Akamuuliza jirani kama amekunywa kitu chochote. Jirani alikuwa amejikunja kwa maumivu, lakini swali hilo lilimnyoosha.

"Hapana, Sista."

Nikasema mimi. "Kanywa, Sista. Vikombe viwili, vya leo."

Sista akanitazama, akanikumbuka. Jirani naye akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba ninyamaze. Alikuwa anaogopa kufukuzwa kama nilivyofukuzwa mimi, na safari hii mtoto yuko njiani. Nikasema tena kwamba kanywa, na aliyempa ni mama mkwe wangu, wakitaka nikamlete. Sista akajibu kwamba amemuuliza mgonjwa, si mimi, na mgonjwa kasema hapana. Kama nina hamu ya kuzungumzia uchawi nikauzungumzie uani kwetu. Mlinzi akanishika mkono. Kabla mlango haujafungwa niliiona chupa ya dripu ikitundikwa, ile ya kuongeza uchungu. Wakampa dawa yao juu ya dawa yetu.

Nilikaa nje ukutani. Nilimsikia akilia kama wanavyolia wazazi wote, kisha nikasikia kilio kimoja ambacho hakikuwa cha uzazi, kisha nikawa simsikii kabisa. Watu wakaanza kukimbia. Daktari akaja na viatu havijafungwa kamba. Jioni wakamwita mume, wakamwambia mkewe amepasuliwa, yu hai, mtoto amekufa, na mazishi ya mtoto hospitali imeshayashughulikia. Yule bwana aliyekuwa akibeba gunia la mahindi peke yake alisimama na kofia yake mkononi akasema ahsante. Hakuuliza chochote. Tulikuwa hatujui kwamba kuna cha kuuliza.

Waliponiruhusu kuingia nilimkuta Sista kando ya kitanda. Alikuwa anampangusa jasho, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao sikujua anao. Akamwambia, "Mungu hakupanga, mama. Wewe bado msichana. Pumzika, utapata mwingine." Nakiri kwamba nilipomsikia moyo wangu ulilegea, nikaona labda nilimhukumu vibaya.

Wangu alizaliwa salama. Jirani alimbeba, akamwogesha, akamtengenezea uji, na alisubiri wake. Alisubiri kwelikweli. Damu yake ya mwezi haikurudi. Wanawake wa uani kila mmoja alikuwa na maelezo yake: ni huzuni, ni kijicho, ni jini amekaa tumboni. Akanywa dawa za Ilala, akanywa dawa zilizoletwa na basi kutoka Lindi, akanywa kombe la shehe na yeye ni Mkristo. Nyingine zilimtapisha mpaka akawa anashikilia ukuta. Kaka zake mume wakaja kutoka kwao, wakakaa ukumbini, wakamwambia ndugu yao aoe mwingine. Mume akakataa. Waliporudi mara ya pili hakukataa, alinyamaza tu, na jirani yangu alisikia ule unyamavu kupitia ukuta.

Wakati huo nilikuwa nimezaa wa pili. Nikamwambia kwamba mimi damu ilirudi, kila mtu humrudia, wewe una kovu la kisu na hakuna aliyekuambia walikata nini. Twende ukaulize. Akaniuliza, "Niende wanisimamishe?" Ilinichukua miezi kumshawishi. Mwisho nilimshika mkono tukavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, yeye analalamika njia nzima.

Sista alikuwa amepanda cheo, ana chumba chake na meza. Tukampa shikamoo, akaitika. Jirani akaeleza polepole, macho chini. Sista akamwomba aonyeshe kovu, akalitazama, akakumbuka.

"Si kizazi kilitolewa siku ile," akasema. "Kilikuwa kimepasuka. Ungekufa."

Jirani hakuelewa. Aliuliza kimetolewa kimepelekwa wapi, kana kwamba kinaweza kurudishwa. Sista akashangaa, akauliza kama hakuambiwa. Halafu nadhani akakumbuka ni nani aliyetakiwa kumwambia, maana akaanza kueleza kwamba waliona wasimuumize, kwamba mzazi akilia sana kidonda hakiponi, kwamba ndivyo wanavyofanya kwa wote. Na alipoona tunamtazama tu, akaongeza kwamba hata yeye jirani aliwaficha. Angesema amekunywa, asingewekewa ile dripu.

Hapo mimi sikujizuia. Nilimwambia kwamba ukweli aliupata mara mbili, benchini na mlangoni, kutoka kinywa hiki hiki, na mara zote mbili aliufukuza. Nikamwambia mwanamke huyu amekunywa sumu za mji mzima akitafuta mtoto kwenye tumbo mlilolifagia, na nyinyi mnajua. Akaniamuru nipunguze sauti, hii ni hospitali. Sikupunguza. Watu wakajaa mlangoni, na mimi niliwataka wajae.

Jirani yangu hakulia. Alishika ukingo wa meza, akatungoja tumalize kelele zetu. Kisha akamuuliza Sista, kwa adabu, kama mtu anayeulizia njia, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Ndipo nilipong'amua kwamba hata hilo hajawahi kuambiwa. Miaka yote ile tuliishi nyumba moja, na mtoto wake hakuwa na hata hilo.

Sista akajibu upesi, pumzi hakuvuta. "Wa kiume."

Jirani hakumtazama. Aligeuka kwangu, na Sista yuko pale pale mbele yetu anasikia, akaniuliza, "Mwenzangu, hiyo nayo ni kweli?"