Maji ya Lambo Hayana Buluu

Kwenye mambo ya picha, hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la saba, nikaanza kwa kumshikia taa mpiga video wa harusi hapa mjini, mtaa wa Kikuyu. Leo studio ni yangu, na rangi za video nazipanga mwenyewe kwenye kompyuta. Bibi harusi akipita kwangu lazima ang'ae. Waulize watu wa Mkonze, waulize wa Msalato.

Kwa hiyo dada mmoja mwongozaji, mzaliwa wa Chemba, aliponiletea filamu yake ndefu, sikumuuliza maswali. Kulikuwa na kipande kilichopigwa chini ya maji: mama amejitosa lamboni, bwawa la watu na ng'ombe wa kijiji, anamtafuta mwanawe.

"Kaka, filamu yangu yote iko kwenye kipande hiki," akaniambia. "Watu wa kijijini kwetu ndio wataiona kwanza. Wasipoyaamini maji haya, nimekwisha."

"Mdogo wangu, nikikosea usinilipe hata senti."

Nilishajifunza kwenye simu, kwa wataalamu wa baharini: maji hula rangi nyekundu kwanza. Basi nyekundu nikairudisha usoni, tope nikalififisha, maji nikayatia buluu safi. Yule mama aling'aa kama siku ya harusi yake.

Mwongozaji alitazama mpaka mwisho. "Kaka, huyu anatafuta mtoto kwenye tope. Wewe umempeleka kuogelea hotelini."

Nilibisha, tena sana. Akaniuliza kama nimewahi kufumbua macho ndani ya lambo. Nikamwambia nimekua nikichota maji ya lambo, atanifundisha nini?

"Kuchota sijakuuliza."

Kesho yake tukaenda kwao na gari langu. Wachungaji wakasogeza ng'ombe pembeni, wakasimama kumtazama mtu mzima na kitambi chake akipiga magoti majini. Nikaziba pua, nikazamisha kichwa, nikafumbua macho.

Buluu haikuwepo hata chembe. Juu palikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, chini yake kahawia, halafu giza. Mkono wangu niliuona mpaka kwenye kiwiko, vidole vilishamezwa. Kumbe maji ya kwetu hula buluu. Nikamkumbuka marehemu mama yangu akiyachuja kwa kanga tupate ya kunywa. Miaka yote nang'arisha watu, na sikuwahi kujiuliza ninafuta nini.

"Umeona?" akaniuliza nilipoibuka.

"Nimeona."

Nikarudi mjini na chupa ya maji yale, nikaiweka kando ya skrini, nikaanza upya. Safari hii uso wa yule mama wa filamu ulitokea na kupotea, ukatokea tena.

Siku ya kuonyesha kijijini, kipande kile kilipofika, bibi aliyekaa mbele yangu alimshika mjukuu wake mkono, na hakumwachia mpaka yule mama alipotoka majini. Sijawahi kusifiwa vile na bibi harusi yeyote.

Mwongozaji akanifuata na bahasha. Nikaikataa, neno nililitoa mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Ukijumlisha malipo niliyoyakataa na mafuta ya kwenda Chemba, maji yale yalinigharimu shilingi milioni moja, laki mbili na elfu arobaini.