Kiti cha Zilpha Jukwaani

Zilpha Rudd alifua mashuka ya watu wa Port Harlan, Mississippi, kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkaribisha kiti. Ndiyo maana Bi Corinne Tarleton alipoingia uani kwake, akapita kati ya masufuria ya kuchemshia nguo, akasema anatafuta mtu wa kukaa safu ya mbele jukwaani, Zilpha alidhani mwanamke yule ana homa.

"Tunazindua sanamu ya askari wetu, Shangazi," alisema Bi Corinne. Wazungu wa kule humwita kila mama mzee mweusi shangazi. Kumwita bibi fulani, hata kwa bahati mbaya, hawawezi. "Tunataka na mtumishi mmoja wa enzi zile. Vaa aproni nyeupe, ukae tu, watu waone tulivyopendana."

Tulivyopendana! Haya. Watu hawa walipigana miaka minne ili wabaki na watumwa wao, wakashindwa, na sasa, mwaka 1896, wamechangishana kumsimamisha askari wa mawe mbele ya mahakama na kusimulia kwamba vile vilikuwa vita vya heshima. Na watumwa je? Eti walikuwa jamaa wa nyumbani.

Zilpha hakucheka. Alikamua shuka, akalianika, akauliza jambo alilolibeba moyoni tangu mwaka 1860.

"Baba yako alikuwa na daftari la watumwa wake. Binti yangu Arminda alimuuza kwa nani? Nitazamie jina tu, nami nitakaa hata kutwa nzima."

"Nitatazama," alisema Bi Corinne upesi.

Njiani siku ya sherehe, rafiki yake Hester, mpishi, alimsuta. "Yaani wewe! Unakwenda kupambwa kama keki ya harusi yao?"

"Niache, Hester. Wanipake hata sukari. Mimi nataka jina."

Hamu ya mtoto yule haikuzeeka pamoja naye. Hata uzeeni, akipiga pasi na kukutana na gauni la msichana wa miaka sita, alilazimika kuirudisha pasi jikoni kwanza.

Jukwaani jua lilimchoma. Kanali mmoja mstaafu alihutubia saa nzima, akaapa kwamba kwao, majimbo ya Kusini, hakuna mama aliyetenganishwa na mwanawe. Weee! Ni kwenye ngazi hizo hizo za mahakama, hatua kumi kutoka kiti kile, Arminda alipopandishwa juu ya pipa ili wanunuzi wamwone vizuri. Bi Corinne alikuwa anafuta machozi kwa utamu wa hotuba.

Zilpha alimwinamia. "Umeliona daftari?"

"Oh, Shangazi." Bi Corinne alimshika mkono, tena kwa upole wa kweli. "Mama alilichoma zamani. Alisema si vizuri wajukuu zake wasome mambo kama yale."

Zilpha akasimama. Hakupiga kelele. Alisema kama watu weusi wanavyosimama kanisani kwao kila Jumapili kutangaza jamaa waliouzwa, kwa sauti ya kumfikia aliye mlangoni.

"Namtafuta mwanangu Arminda. Aliuzwa na Josiah Tarleton, hapa, kwenye ngazi hizi, mwezi wa Januari. Alikuwa na miaka sita. Sasa ana arobaini na miwili. Ana kovu la moto chini ya kiwiko cha kushoto. Baba yake alikuwa Jubal. Mama yake ni mimi, na niko hai."

"Shangazi, unatuaibisha! Keti!" Bendi ikaamriwa kupiga.

Nyuma ya uzio, mahali waliporuhusiwa kusimama watu weusi, kulikuwa na wanawake wa rika hilo kama kumi hivi, walioletwa mjini wakiwa vitoto, wakauzwa hata kabla hawajashika jina la mama. Mmoja alifungua kifungo cha mkono wa kushoto, akakunja nguo mpaka juu ya kiwiko, akaangalia. Kisha wa pili. Kisha watatu kwa mpigo. Hata Hester, aliyekanda unga kwa mkono ule miaka yote na kujua fika kwamba hauna kovu, aliukunja wake, akaugeuza huku na huku, akautazama.