Kambi kwenye Majani ya Kiboko

Hata sasa, nikipita Kibenga na kuona majani mafupi kando ya ziwa, hujikuta nikizigusa nywele zangu.

Hapo ndipo tulipopiga kambi ya kwanza ya chama chetu cha vijana. Nilikuwa nimetangatanga Kigoma, Uvira na Kalemie, kisha nikarudi katika nchi ambayo wazazi wangu waliikimbia na mimi sikuijua. Kigoma nilionja mahema na nyimbo za kuzunguka moto, nikatamani vijana wa hapa nao waonje. Viongozi wawili wa chama, waliokuwa juu yangu, wakazi wa mtaa wa kitajiri wa Kinindo, ndio waliochagua mahali. Walipapenda kwa kuwa majani yalikuwa kama yamefyekwa. Nikawaambia anayeyafyeka ni kiboko.

"We wa Kigoma, woga wako umetoka nao huko?" akacheka mmoja.

Wakawahutubia vijana kwamba shida hujenga tabia. Jioni wao wakaenda kulala hotelini. Mimi nilibaki na vijana.

Asubuhi tuliamka wazima, ila mahema yalikuwa yamerushiwa mavi. Kiboko hunya huku akipiga mkia, na mavi hutapakaa kila upande: ya kijani, majimaji, yenye nyuzi za majani. Yalikuwa kwenye sufuria, kwenye viatu, na nilipotoka tu kichwa kikagusa hema, yakawa kwenye nywele zangu. Viongozi walirudi wananukia sabuni, wakaziba pua, wakaamuru vijana waoshe mahema haraka ili picha ipigwe. Sabuni ile ilinichefua kuliko mavi.

Msichana mmoja wa mtaa wa Kinama, mkuu wa wasichana wenzake, alisugua huku akitazama barabara. Baba yake, fundi wa magari, alikuwa amemruhusu usiku ule tu. Baba asipopendezwa na atakachokiona, basi binti asahau kambi. Na baba akafika.

"Papa, usikasirike. Ni mavi ya kiboko tu."

"Bashefu benu balilala wapi?" aliuliza, akiwaonyesha viongozi kwa kidevu.

"Ku oteli."

Mzee akanigeukia. "Na we?"

"Hapa, pamoja nao."

Akanusa. "Naona." Kisha akatazama viatu vya wale wawili, vilivyong'aa. "Mutoto wangu atarudia kambi. Na huyu anayenuka. Na nyinyi, apana."

Wakadhani anatania, wakamwita kwenye picha.

Picha hiyo bado iko ukutani mwao: wawili mbele ya mahema safi. Msichana na mimi hatumo. Tulikuwa tumeondoka na mzee kutafuta mahali penye majani marefu.