Brashi ya Utepe Mwekundu

Siku ya kwanza Kimya alipomtia machoni mwanamke yule, alidhani ni mtu aliyepasukiwa na kalamu. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea vyombo, ameshika kipande cha kioo, koti jeupe likimning'inia kama la kuazima.

“Wewe ndiye mgeni wa beseni?”

Kimya aliitikia kwa kichwa.

“Na ulimi umeuacha nyumbani?”

Akaitikia tena kwa kichwa. Mwanamke alicheka mpaka akaegemea mlango, na kuanzia hapo jina la Kimya likamganda. Mwanamke huyo naye, kwa vidole vile, maabara nzima ilimwita Zambarau.

Kimya alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, elimu yake ya shule ya msingi. Kwake kulikuwa na chumba kimoja, sahani moja na kikombe kimoja. Kikivunjika, chai ingesubiri mwisho wa mwezi. Kazini aliosha chupa za vyumba viwili: chumba cha vijidudu, na chumba cha seli, ambako Zambarau alilea chembe za ulinzi zilizotolewa kwenye damu ya watu. Mchana wenzao walikula pamoja kwa kelele. Zambarau alikula kwenye ngazi ya nyuma, na Kimya naye alikula pale pale, wameachiana nafasi ya watu wawili. Mara nyingi hawakusemeshana hata neno.

Siku moja Zambarau akamwita kwenye hadubini. “Njoo uwaone unaowaosha kila siku.”

Kimya alifumba jicho moja. Chini kule kulikuwa na vidonge vya zambarau vimesongamana kama shanga zilizomwagika.

“Hawa ukuta wao ni mnene,” Zambarau alisema. “Wenzao ukiwamwagia spiriti, rangi inawatoka. Hawa wanaing'ang'ania. Na ukutani mwao mna nyuzi. Mzizi umeshikilia utando wa ndani, ncha inachungulia nje. Inaitwa asidi ya lipoteikoiki.”

“Jina refu kuliko mdudu mwenyewe,” Kimya alisema, akashangaa kusikia sauti yake.

“Kumbe unasema! Basi sikiliza. Walinzi wa mwili wakiupapasa uzi huo, wanapiga king'ora. Homa, uvimbe, vita.”

“Na mdudu akifa?”

Zambarau alichukua kitambaa. “Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Mdudu anakufa, uzi unabaki. Mlinzi hajui kuwa ameshika maiti.” Akapangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi. “Mdogo wangu alipewa dawa. Damu ikapimwa, hakuota mdudu hata mmoja. Nikamwambia, umepona wewe. Homa haikunisikia, ikamchukua.”

Kimya alitafuta neno la pole, asilipate. Akarudi kwenye beseni.

Zambarau alikuwa anajaribu kitu cha kuzifunika nyuzi zile, walinzi wasizitambue. Kustaafu kulimkabili mwisho wa mwaka, na hakuwa na mtu nyumbani wa kumwamsha. Kazi ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi. Alipima katika sahani za plastiki zenye vishimo vidogo. Seli zikipiga king'ora, kishimo hugeuka njano. Vishimo visivyotiwa uzi vilipaswa kubaki vyeupe kama maji. Bila hivyo, hesabu yote ni kazi bure.

Vikageuka njano. Akarudia, njano tena. Mara ya tatu mkuu wa maabara alikuja na kusimama mlangoni.

“Dada, macho yamechoka, mikono imechoka. Si aibu kupumzika. Ukikosa tena, nitaifunga kazi hii.”

“Mikono yangu haijachoka.”

“Basi nini?”

Zambarau aliinamia tena sahani yake ya njano. Mchana ule hakuja kwenye ngazi.

Kimya, aliyeyasikia yote kutoka kwenye beseni, alikula peke yake. Kulikuwa na brashi mbili za kuoshea chupa: ya utepe mwekundu kwa chumba cha vijidudu, ya utepe mweupe kwa chumba cha seli. Nyekundu ilikuwa imenyonyoka manyoya tangu miezi miwili iliyopita. Kuomba nyingine kulihitaji kwenda stoo, na bwana stoo kila akimwona hupaza sauti: “Haya, kaeni kimya, bubu anataka kuhutubia!” Watu hucheka. Kimya alifika mlango wa stoo mara mbili na kugeuka mara mbili. Akatumia brashi nyeupe kwa chupa zote. Kila jioni aliichemsha, na chupa alizipitisha kwenye mvuke, akajua wadudu wote wamekufa.

Wamekufa, ndiyo. Lakini nyuzi je?

Siku tatu alilibeba neno lile kama jiwe mdomoni. Akisema, huenda kazi ikamponyoka. Asiposema, mwenzake anazikwa angali hai. Siku ya nne aliingia chumba cha seli, brashi mkononi.

“Dada, ni mimi.”

Alieleza yote huku akitazama sakafu. Alipomaliza, mashine ya kupoza iliguna, ikanyamaza.

“Miezi miwili,” Zambarau alisema.

“Ndiyo, dada.”

“Kwa sababu ya bwana stoo?”

“Wanacheka.”

Hakumfokea. Ingekuwa nafuu angemfokea. Alichukua brashi, akaenda stoo mwenyewe, na ule mlio wa sauti yake ulisikika mpaka kwenye beseni. Alirudi na brashi mbili mpya, akamwelekeza aoke chupa kwenye tanuri kavu la moto mkali, saa kadhaa, ili hata nyuzi ziungue. Kwa mkuu alisema tu kwamba chupa zilikuwa na masalio. Nani aliziosha, hakutaja.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu, sahani ilitoka sawa. Vishimo visivyotiwa uzi vilikuwa vyeupe, vya nyuzi vilikuwa njano, na vya nyuzi zilizofunikwa vilikuwa njano hafifu, kama chai iliyoongezwa maji mengi. Ilikuwa sahani moja, na zilihitajika tatu. Siku zilikuwa zimekwisha. Zambarau aliandika kila kitu kwenye daftari, akamwachia mgeni atakayechukua nafasi yake, na kuvua koti.

Kimya alimngoja kwenye ngazi ya nyuma. Alikuwa ameandaa sentensi nzima tangu alfajiri. Zambarau alipotokea na mfuko wake, sentensi ikayeyuka. Aliweza kuinua mkono tu.

Zambarau alikaa, safari hii bila kuacha nafasi katikati. Alimtazama mkono, kisha akavitazama vidole vyake mwenyewe, ambavyo rangi haikuwa imevitoka. Akainuka, akashuka ngazi mbili, akageuka.

“Mdogo wangu,” alisema, “brashi ikiisha, sema.”