Baridi ya Eldoret Ilivyomaliza Mafuta

Nimekulia Lodwar, baridi nilikuwa siijui. Safari yangu ya kwanza kupeleka samaki Eldoret, asubuhi nzima nilijifungia ndani ya pikapu, injini inanguruma, mimi naota hita. Nilirudi tangi likiwa karibu tupu.

Mama mwenye gari alichukua funguo kwanza, ndipo akauliza, "Mafuta yangu umemuuzia nani?"

Nikaona kazi imeenda. Nikamweleza ukweli wote.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kijana wangu, kwenye baridi injini inachelewa kupata moto na oili inakuwa nzito, kwa hivyo hata likitembea gari linakunywa zaidi. Na wewe tena ukaligeuza jiko!"

Akanirudishia funguo, na juu yake akanipa sweta yake. Namshukuru mpaka leo.